Subira ya Fundi Mbele ya Diski

Katika kazi za ufundi zinazofanyika Unguja pasi na watu kuziona, ya msimamizi wa seva inastahili kusifiwa kwa jambo moja hasa, nalo ni subira yake mbele ya taarifa za diski zisizokubaliana. Seva ni kompyuta inayozihudumia nyingine, iwe ni ya hoteli ya Shangani inayotunza hesabu za vyumba, ya skuli, au ya ofisi inayosajili vizazi na vifo. Na nyingi katika seva za siku hizi hazishikiki kwa mkono, kwa kuwa ni seva pepe, yaani kompyuta zilizoundwa kwa programu ndani ya mashine moja kubwa, ambayo huitwa mwenyeji, nazo zenyewe zikaitwa wageni. Fikra hii ni kongwe, maana IBM iliutoa mfumo wake wa VM/370 mwaka 1972, lakini katika Linux ilienea zaidi baada ya KVM, programu ya kuendeshea wageni, kuingizwa mwaka 2007 katika kiini chake, yaani sehemu ya ndani inayoiongoza mashine. Na kwa kisiwa chenye joto na chumvi ya bahari hewani, ambako kila mashine hudai kiyoyozi na betri za akiba, faida ya kukusanya seva kumi katika chuma kimoja haihitaji maelezo marefu.

Msimamizi ana amri mbili za kupimia nafasi, df na du, na zote zimo tangu toleo la kwanza la Unix la mwaka 1971. Amri ya df huuuliza mfumo wa faili, yaani utaratibu unaogawa diski na kuweka rekodi ya mahali ilipokaa kila faili, useme wenyewe umebakiwa na nafasi kiasi gani. Du huingia folda kwa folda ikijumlisha ukubwa wa kila faili inayoikuta. Tofauti yao ni ile iliyopo baina ya karani wa bohari ya karafuu anayesoma daftari na mwenziwe anayepita akihesabu magunia: wote wawili ni wakweli, na daftari likisema magunia mia ilhali aliyepita ameona sitini, mwenye busara hamfukuzi yeyote kati yao kabla ya kuuliza yale arubaini yamewekwa wapi.

Katika diski, arubaini hayo mara nyingi yameshikwa na programu. Faili ikifutwa huku programu bado imeifungua, jina lake huondoka katika folda na du haiioni tena, ila nafasi yake haiachiliwi mpaka programu ile iifunge. Na faili za kumbukumbu, ambamo programu huandika kila tukio, ndizo zinazofutwa hivyo zaidi, kwa kuwa ndizo zinazonenepa upesi. Asiyejua huendelea kufuta, na kwa kuwa df haibadiliki hufuta tena, hadi afikie kitu chenye thamani. Fundi huitumia lsof kuorodhesha faili zilizofutwa ambazo zingali zimeshikwa, akaianzisha upya programu moja tu, na gigabaiti zikarudi papo hapo. Hujua pia kwamba ext4, mfumo wa faili wa Linux, kwa kawaida humtengea mtumiaji mkuu asilimia 5 ya diski, hivyo katika diski ya gigabaiti 200, kumi huwa zipo na hazipatikani kwa programu za kawaida.

Kwa mgeni mambo huzidi uzito, kwa sababu baadhi ya anayoyataka kuyajua yamo mikononi mwa mwenyeji. Katika wageni wa aina ya OpenVZ, wanaotumia kiini kimoja na mwenyeji wao, huweza kutokea df ikagoma kabisa na kusema kuwa haiwezi kusoma jedwali la mifumo ya faili iliyopachikwa, yaani iliyounganishwa na seva ili itumike. Ujumbe huo huwatisha watu wakadhani data imepotea, wakakimbilia nakala za akiba. Kumbe desturi ya zamani ni kwamba programu ya kupachika huandika orodha yake katika /etc/mtab, na kwa mgeni huyu diski ilipachikwa na mwenyeji kabla mgeni hajaamka, kwa hiyo hapakuwa na wa kuiandika orodha hiyo. Fundi huhakikisha kwanza kwamba /proc/mounts inasomeka, kwa kuwa hiyo hutungwa na kiini chenyewe kila inapofunguliwa, kisha huifanya /etc/mtab kuwa kiungo cha kuielekea. Ni mstari mmoja wa amri, na uzuri wake wote umo katika yale ambayo hayakuguswa.

Lililo gumu zaidi ni diski ya ahadi. Mwenyeji mwenye gigabaiti 600 anaweza kuwaahidi wageni kumi gigabaiti 100 kila mmoja, akiwapa kadiri wanavyoandika. Na mgeni akifuta faili, nafasi hairudi kwa mwenyeji isipokuwa amemwarifu, kwa fstrim au kwa mpangilio unaofanya kazi hiyo. Ndipo df ya mgeni husema nusu ya diski i wazi wakati mwenyeji amejaa na maandishi yanakataliwa. Msimamizi aliye Vuga, ambaye mwenyeji wake yuko Ulaya na hana ruhusa ya kumfikia, hulazimika kuandika swali lililo sahihi kiasi kwamba aliye upande wa pili asiwe na njia ya kujibu jambo jingine.

Umeme nao una sehemu yake. Unguja hupata umeme kutoka bara kwa kebo ya chini ya bahari inayofika Fumba, na watu wanakumbuka mwezi mzima wa kiza wa mwaka 2008, kisha takriban miezi mitatu kati ya Desemba 2009 na Machi 2010. Mfumo wa faili wenye jarida, kama ext3 iliyoingia Linux mwaka 2001, huandika kwanza kile unachokusudia kukibadili, ili umeme ukikatika ujue pa kuanzia. Hata hivyo ukigundua kasoro huweza kujifunga ukawa wa kusomwa tu. Hapo df huonyesha nafasi tele na hakuna faili inayoandikika. Fundi husoma kwanza ujumbe wa kiini, akanakili kinachosomeka, akaishusha diski, ndipo akaendesha fsck, amri ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili, kwa maana kuiendesha juu ya diski iliyopachikwa na inayoandikwa huweza kuharibu hata kile ambacho umeme ulikiacha kizima.