Mstari Mmoja

Saa kumi na moja alfajiri, kabla makanga wa kwanza hajaanza kuita abiria kwenye Barabara ya Naivasha, dirisha moja tu katika ploti yetu hapa Riruta huwa na mwanga. Ni dirisha la Sista. Hivyo ndivyo tumwitavyo wapangaji wote, wakubwa kwa wadogo, ingawa ni miaka tisa sasa tangu avue sare ya uuguzi. Wiki hizi nimezoea kumpelekea kikombe cha uji, naye hunisogezea stuli bila kuinua macho. Mezani pana rula, kalamu nyekundu na rundo la vitabu vipya vya jalada moja. Ni riwaya yake. Anaisahihisha kwa mkono, nakala baada ya nakala.

Aliiandika kwa miaka sita. Mswada niliuona kwa macho yangu, umejaa madaftari manne makubwa, yale ya jalada gumu tunayoyaita kaunta buku, na sijapata kuona maandishi safi kuyazidi. Kitabu kilipotoka kwa mchapaji mmoja wa mjini, nakala 300 alizolipia kwa akiba yake, kilikuwa na makosa ambayo hakuyaandika yeye. Jina la mkunga limebadilika katikati ya sura ya tatu. Aya nzima imerudiwa. Mahali alipoandika kwamba mtoto alizaliwa akiwa kimya, herufi moja imeruka na mtoto akazaliwa akiwa kima.

Nilimwambia, "Sista, msomaji ataelewa tu kwamba hilo ni kosa la chapa."

"Mwanangu," alinijibu, "mgonjwa hapewi dozi mbaya kwa matumaini kwamba ataelewa."

Akaweka rula kwenye neno, akalikata kwa mstari mmoja mwembamba, akaandika lililo sahihi pambizoni, na mbele yake akatia herufi mbili za jina lake.

Mstari huo ndio ulionifanya niandike haya. Nilidhani ni mazoea ya mtu nadhifu tu, mpaka aliponieleza. Katika faili la mgonjwa, neno lililokosewa halifutwi. Halisuguliwi kwa raba, halipakwi rangi nyeupe, halichorwi juu mpaka lisisomeke. Linapigwa mstari mmoja ili atakayekuja baadaye aone ulichosema kwanza, aone ulichosema baadaye, na ajue ni nani aliyebadili. Ukificha kosa, anayepokea zamu hatajua kwamba saa nane usiku kuna mtu aliyekuwa na shaka. Na shaka ile, alisema, mara nyingine ndiyo iliyokuwa ugonjwa wenyewe.

Kisha akanisimulia juu ya kupokezana zamu. Miaka thelathini na mmoja, kila asubuhi aliyotoka zamu ya usiku, alisimama miguuni pa kila kitanda na kumweleza mwenzake jinsi usiku ulivyokwenda. Dakika moja kwa kitanda, wala haizidi, kwa sababu mwenzake anangojwa na wadi nzima naye anayetoka ana matatu ya kuwahi. Katika dakika hiyo hakuna nafasi ya kujirembesha kwa maneno. Lakini pia hakuna ruhusa ya kupunja. Ukisema mama wa kitanda cha nne amelala vizuri, ukaacha kusema kwamba kila alipozinduka aliuliza ni saa ngapi, umemkabidhi mwenzako mtu mwingine kabisa. Hapo, aliniambia, ndipo alipojifunza riwaya. Hakuwahi kukaa darasa lolote la fasihi baada ya kidato cha nne.

Ukiyafungua madaftari yake utaona hadithi iko upande wa kulia tu. Kurasa za kushoto aliziacha wazi, na huko ndiko alikoweka alivyovisikia: namna muuza mboga wa Kawangware anavyotaja bei kwa mteja anayemdai na kwa mteja anayemheshimu, kimya cha abiria wa matatu za 46 gari linapopita mbele ya jeneza, salamu za wazee wa Kabiria zinazochukua robo saa. Hayo aliyatia katika hadithi kidogo kidogo, kama chumvi. Mengine hayakuingia kabisa na hakuyasikitikia.

Nimekuwa nikiwaza juu ya waandishi wetu waliokuja kwenye riwaya wakitokea kazini kwingine, na sijui kama tumewahi kuwashukuru ipasavyo. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, kabla ya kuwa mhariri wa magazeti, alikuwa mkaguzi wa afya. Fikiria kazi hiyo: kuingia katika nyumba za watu na kuona wasichotaka kionekane. Haishangazi kwamba ndiye aliyetupa Bwana Msa na kiko chake, mpelelezi anayetazama chumba mpaka chumba kiseme. *Mzimu wa Watu wa Kale* ilishinda shindano la hadithi za Kiswahili la East African Literature Bureau la 1957 na 1958, ikachapishwa 1960. Grace Ogot naye alikuwa muuguzi na mkunga, alisomea Uganda na London, akahudumu Maseno, na 1966 East African Publishing House ikatoa riwaya yake *The Promised Land*. Sista anaitunza nakala ya kitabu hicho kwenye kabati, pamoja na cheti chake cha ukunga.

Lakini anayenigusa zaidi ni Margaret Ogola. Alikuwa daktari wa watoto. Aliongoza matibabu katika makao ya Cottolengo hapa Nairobi, penye mayatima waliokuwa na virusi vya Ukimwi, katika miaka ambayo dawa zilikuwa haba na mtoto aliyepokelewa Jumatatu angeweza kuzikwa mwezi usiishe. Daktari huyo, tena mama mwenye watoto wa kulea nyumbani, aliketi akaandika *The River and the Source*, safari ya vizazi vinne vya wanawake kuanzia Akoko wa kando ya ziwa. Kilitoka 1994 kwa wachapishaji Focus. Mwaka uliofuata kikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta na tuzo ya Jumuiya ya Madola ya kitabu cha kwanza bora Afrika. Wengi wetu tulikisoma kwa ajili ya mtihani, na wengi tulikiuza mtihani ulipokwisha. Mimi nilikiuza. Nilikirudia nikiwa mtu mzima, na ndipo nilipoona jinsi anavyoandika vifo: kwa sentensi fupi, bila kulazimisha machozi, kama mtu aliyekwisha kuwapa wazazi habari hiyo mara nyingi na anajua kwamba maneno mengi huwaumiza zaidi. Alifariki Septemba 2011, ana miaka 53.

Watu wa namna hii wangali wapo. Yupo Sista hapa kwetu, na sitashangaa akiwapo mwingine Satellite au Gatina, fundi wa stima au karani mstaafu mwenye daftari chini ya godoro. Tulichokipoteza ni mikono ya kuwapokea. Shindano lile lililompata Bwana Msa lilikuwa na watu waliosoma miswada ya wasiojulikana. Sista alipopeleka wake kwa mchapishaji, swali la kwanza lilikuwa kama kitatahiniwa shuleni. Halikuwapo la pili. Miezi kumi na tisa baadaye hakuwa amepata jibu, hata la kukataliwa.

Najua fedha za vitabu nchini ziko katika vile vya kiada, na najua tangu 2018, serikali ilipoanza kununua kitabu kimoja tu kwa kila somo, aliyekosa zabuni hukosa karibu kila kitu. Najua pia kwamba tangu 2013 vitabu hutozwa VAT ya asilimia 16, kana kwamba kusoma ni anasa. Hayo yote yanaeleza ufukara. Hayaelezi uzembe. Kijana wa saiba aliyepiga chapa mswada wa Sista alipewa maandishi yasiyo na doa. Kompyuta yake haijui Kiswahili. Ilipigia kila neno mstari mwekundu, ukurasa mzima ukawa kama umechanjwa, naye alipochoka kuutazama akabofya na kukubali kila ilichopendekeza. Mchapaji hakusoma. Jalada likawekewa picha ya muuguzi wa Ulaya. Hakuna hata mmoja katika mnyororo huo aliyeona kwamba ameshika miaka sita ya mtu.

Ninyi mnaochapa, mnaohariri, mnaouza vitabu: someni kabla ya kuchapa. Someni hata kurasa kumi. Na mwandishi asiye na jina akiwaletea mswada, mjibuni, hata kama jibu ni hapana.

Nilijitolea kumsaidia kusahihisha. Alikataa, kwa sababu herufi zitakazotiwa pambizoni ni lazima ziwe zake; ndiye aliyekuwa zamu. Aliniuzia nakala ya 41. Nimehesabu humo mistari sitini na saba, yote imenyooka, na chini ya kila mmoja neno lililokosewa bado linasomeka.

Leo asubuhi alikuwa kwenye nakala ya 112. Zimebaki 188.