Pongezi kwa Wachora Mabango

Sina budi kumsifu fundi wa mabango wa Temeke na Kinondoni, jijini Dar es Salaam, ambaye kwa brashi na rangi ya mafuta, pasipo kipimo ila jicho lake, huupamba ukuta wa saluni kwa vichwa vilivyonyolewa na wa gereji kwa tairi na spana, hata asiyejua kusoma akaitambua biashara iliyomo. Rangi ya namna hiyo ndiyo aliyoipaka mchoraji Edward Saidi Tingatinga juu ya vibao tangu 1968 hadi alipofariki 1972, na kazi zake zikapata hifadhi. Bali ukuta wa saluni hupakwa chokaa, au hubomolewa barabara ipanuliwapo, na bango la plastiki lishikalo mahali pake, kwa rai yangu, halina ladha. Kwa hiyo anastahiki shukrani kila azipigaye picha kuta hizo na kuziweka katika hifadhi ya kidijitali, mradi asisahau kunakili mtaa, mwaka, na jina la fundi, ambalo aghalabu limeandikwa pembeni pamoja na nambari ya simu.