Kompyuta iliyonuna haikusaidii

Ukiwasha Linux yenye GNOME na eneokazi likagoma kuanza, unaweza kukutana na skrini yenye kompyuta iliyonuna. Inakwambia kuna hitilafu, mfumo hauwezi kujirekebisha, kisha inakushauri utoke ujaribu tena au uwasiliane na msimamizi wa mfumo. Msimamizi gani sasa? Kwenye laptopu yako msimamizi ni wewe!

Lawama yangu iko hapo. Mara nyingi kilichoanguka ni sehemu ya picha. Kerneli bado inafanya kazi na faili zako zipo. Bonyeza Ctrl+Alt+F3, utapata skrini ya maandishi, uingie kwa jina na nywila yako. Andika df -h: diski ikiwa imejaa 100%, GNOME inaweza kushindwa kuandika faili zake na kukurudisha mlangoni kila unapoingia. Kama nafasi ipo, andika sudo journalctl -b -p err, usome makosa ya tangu ulipowasha. Draiva ya NVIDIA, kwa mfano, inapaswa kuendana na kerneli iliyopo. Kerneli ikisasishwa na draiva ikabaki nyuma, picha zinaweza zisitoke.

Yaani sababu mara nyingi imeshaandikwa ndani ya mashine, ila skrini haikuelekezi huko. Watetezi watasema maandishi yatamtisha mgeni. Sawa, lakini mgeni asiyeambiwa kitu hufuta kila kitu na kusimika upya, na tasnifu yake inakwenda na maji. Mstari mmoja wa kuonyesha logi ilipo ungemwokoa.