Askari Mjamzito na Chanjo ya Lazima: Tuipime Hoja kwa Mizani ya Fiqhi

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Iko hoja inayosikika Miembeni, na mitaa mingine ya Bukoba hadi Muleba, kila inapotajwa chanjo ya mama mjamzito. Husemwa kwamba wako askari wanawake wa Marekani waliokataa chanjo wakiwa na mimba, jeshi likawaandama, na mwisho serikali yao yenyewe ikaufuta ulazima huo. Kisha hutolewa hukumu: chanjo kwa mjamzito ni haramu. Wapo wanaoijibu hoja hiyo kwa sentensi moja tu, kwamba mwenye mamlaka akiamuru hutiiwa, na anayekataa ni mwasi. Kwa maoni yetu pande zote mbili zimekosea, na kosa lao ni moja: wametoa hukumu kabla ya kuijua mas'ala yenyewe.

Tuanze na tukio. Jeshi la Marekani lilianza kuwachanja askari wake kwa lazima dhidi ya kimeta mwaka 1998. Waliokataa waliadhibiwa, na baadhi yao walifikishwa mbele ya mahakama za kijeshi. Mwezi Oktoba 2004 jaji wa mahakama ya shirikisho mjini Washington alisimamisha ulazima huo, kwa kuwa mamlaka ya dawa haikuwa imefuata utaratibu katika kuithibitisha chanjo hiyo kwa kimeta cha kuvuta kwa pumzi. Baada ya mamlaka hiyo kutoa uamuzi wake mwaka 2005, ulazima ulirudishwa kwa baadhi ya askari. Ama chanjo ya Korona, Waziri wa Ulinzi aliilazimisha tarehe 24 Agosti 2021, askari zaidi ya 8,000 wakaondolewa jeshini kwa kuikataa, na amri ikafutwa tarehe 10 Januari 2023. Mwezi Januari 2025 Rais Trump alitia saini agizo la kuwafungulia mlango wa kurejea.

Lakini liko jambo ambalo wasimuliaji wa kisa hiki hawalitaji. Kanuni za chanjo za majeshi hayo zinautaja ujauzito miongoni mwa sababu za kusamehewa kwa muda. Wakati wa chanjo ya kimeta pia, utaratibu ulikuwa kuwaahirishia wajawazito. Kwa hiyo askari mwenye mimba alikuwa na njia ya kuomba kusubiri bila ya kuasi. Aliyenyimwa ruhusa hiyo alidhulumiwa kwa kanuni ya jeshi lake mwenyewe. Ama aliyekataa chanjo moja kwa moja, mimba ikiwepo au isiwepo, mas'ala yake ni nyingine. Kuwachanganya wawili hawa ndiyo kosa la kwanza la hoja tunayoijadili.

Sasa tuje kwenye sheria yetu. Je, amri ya mtawala inaweza kungojea tumbo la mama? Jibu limo katika Sahihi Muslim, katika kisa cha mwanamke wa kabila la Ghamid aliyemjia Mtume (s.a.w.) akikiri zinaa hali ana mimba. Mtume (s.a.w.) hakumsimamishia adhabu. Alimrudisha mpaka ajifungue, na alipojifungua akamrudisha tena mpaka amwachishe mtoto ziwa. Ndugu msomaji, zingatia: hadi ni haki ya Allah (s.w.), na bado imesubiri kwa ajili ya kiumbe kilichomo tumboni. Vivyo hivyo saumu ya Ramadhani, nguzo ya Uislamu: mjamzito anayeihofia nafsi yake au mtoto wake anaruhusiwa kula, akalipa baadaye, na katika madhehebu yetu ya Shafi huongeza fidia ikiwa hofu yake ni ya mtoto peke yake. Ikiwa haya yamesubiri, amri ya kamanda ina haki zaidi ya kusubiri panapokuwa na khofu ya kweli.

Tumesema khofu ya kweli kwa makusudi. Mafakihi wametofautisha yakini, dhana yenye nguvu, shaka na wahmu. Ruhusa hujengwa juu ya mbili za mwanzo, haijengwi juu ya wahmu. Na anayeulizwa juu ya madhara ya mwili ni tabibu mjuzi na mwaminifu, kama walivyoshurutisha wanazuoni katika mlango wa tayamamu kwa mgonjwa anayeogopa maji. Hapa ndipo hoja ya kuharamisha inapovunjika, kwa sababu chanjo si kitu kimoja. Chanjo ya pepopunda hupewa mjamzito kwa makusudi, ili kumlinda yeye na mtoto atakayezaliwa. Kwa juhudi hiyo Tanzania ilithibitishwa mwaka 2012 kuwa imetokomeza pepopunda ya wazazi na watoto wachanga. Chanjo ya surua na rubela, yenye virusi hai vilivyodhoofishwa, huahirishwa mpaka ajifungue. Ile ya homa ya manjano madaktari huiepuka kwake isipokuwa hatari ya ugonjwa ikiwa kubwa. Ama ya Korona, majaribio ya mwanzo hayakuwahusisha wajawazito, hivyo aliyesita mwanzoni mwa mwaka 2021 alikuwa na hoja. Ilipofika Agosti mwaka huo ushahidi ulikuwa umekusanyika, na taasisi ya afya ya Marekani ikawahimiza wajawazito wachanjwe. Vipi basi hukumu moja izikusanye zote?

Ama wanaosema amri ni amri, tunawakumbusha visa viwili vya jeshi la Kiislamu. Cha kwanza kimo katika Sahihi Bukhari: kamanda aliwaghadhibikia askari wake, akawasha moto na kuwaamuru wauingie. Walisita mpaka hasira yake ikatulia, na Mtume (s.a.w.) alipopata habari alibainisha kuwa utii ni katika mema tu. Cha pili ni cha tauni ya Amwas huko Sham, mwaka 18 Hijria. Imepokewa katika vitabu vya tarikh kwamba Khalifa Umar (r.a.) alimwandikia Abu Ubayda (r.a.), amiri wa jeshi, amjie Madina, akitaka kumwokoa. Abu Ubayda alilifahamu kusudio, akaomba radhi kwa adabu kuwa hawezi kuwaacha askari wake. Umar alilia, wala hakumwita mwasi. Kisha alimwandikia awahamishe watu kwenye nyanda za juu, na hilo Abu Ubayda hakulipinga, ingawa tauni ilimchukua.

Mafunzo yako wazi. Katika moto madhara ni yakini, basi hakuna utii. Katika lile linalomhusu mtu nafsi yake, Abu Ubayda aliomba udhuru. Katika lile linalolinda watu wote, alitii. Askari hulala bweni moja na wenzake. Maradhi yake si yake peke yake. Na mahujaji wetu wote wanajua kuwa Saudi Arabia huwashurutisha chanjo ya homa ya uti wa mgongo, wala hatujasikia kuwa sharti hilo limebatilisha Hija ya mtu.

Hatuwabezi wanaoogopa. Kagera ina kumbukumbu zake. Miaka ya 1906 na 1907 Robert Koch alitibu malale visiwani Sese kwa dawa iitwayo atoxyl, na baadhi ya wagonjwa walipofuka. Wajerumani wakafungua kambi ya matibabu hayo Kigarama, Kiziba. Lakini Kagera hiyo hiyo iliona Marburg mwaka 2023, watu sita wakafariki katika tisa waliougua, nao ni ugonjwa usio na chanjo iliyoidhinishwa. Na ng'ambo ya Mutukula, Sheria ya Chanjo ya Uganda ya mwaka 2017 imewataja wanawake wa umri wa kuzaa miongoni mwa wanaolazimishwa. Mas'ala hii basi si ya Marekani pekee.

Rai yetu ni hii. Mjamzito, awe askari au raia, ana haki ya kuuliza, kujibiwa, na kuahirishiwa pale tabibu mwaminifu anapoona madhara. Mwenye mamlaka anayemnyima hilo amedhulumu. Lakini kuitoa ruhusa ya mtu mmoja na kuifanya haramu kwa umma ni kusema juu ya dini bila elimu. Imamu anayetaka kulisemea jambo hili mimbarini, basi aende kwanza kliniki ya mama na mtoto, aulize ni chanjo gani, na kwa nani.

Wallahu a'lam.