Kufuli Liendalo na Mwenye Kulishika

Katika kiwanda kimoja cha kahawa cha ushirika, kwenye vilima vya Mathira, ambako jioni za msimu wakulima hupanga foleni na magunia yao mbele ya mizani, niliitwa kuitazama kompyuta iliyokuwa ikipunguza kilo za watu. Nami nikabaini, baada ya kuketi nayo kutwa, kwamba taksiri haikuwa ya mizani wala ya karani, bali ya programu moja kuendeshwa mara mbili kwa wakati mmoja.

Kompyuta ile ilikuwa nzito: karani alibonyeza, akaona kimya, akabonyeza tena, kisha akawa anahama dirisha hili na lile pasipo kujua. Tuseme daftari lina kilo 40 za mkulima. Nakala zote mbili za programu zimekwisha kuzisoma, moja yaongeza 12 na kuandika 52, ya pili, isiyo na habari ya mwenzake, yaongeza 9 juu ya 40 zile zile na kuandika 49. Zile 12 zimetoweka, ilhali risiti yake i mfukoni mwa mkulima.

Ili kulizuia hilo, mtungaji wa programu alikuwa ameiamuru itazame kwanza kama pana faili dogo la alama: likiwapo ikatae kufunguka, na kama halipo iliunde ndipo ifungue daftari. Baina ya kutazama na kuunda pana mwanya, ambao huzibwa kwa kuuomba mfumo endeshi ufanye yote mawili kwa tendo moja lisilogawanyika. Msiba mkubwa zaidi u katika umeme: ukikatika, programu hufa na faili husalia, na asubuhi programu hukataa kufunguka, ikimngojea aliyekwisha kufa. Makarani wakajifunza kulifuta kwa mkono, na mkono uliozoea kufuta hufuta hata nakala ya kwanza ingali hai.

Reli ipitayo Karatina na Kiganjo hata Nanyuki ni ya njia moja, na watu wa reli waliijua zamani shida hii ya wawili kuingia mahali pamoja kwa wakati mmoja. Huko Uingereza, baada ya treni mbili kugongana uso kwa uso Thorpe mwaka 1874, Edward Tyer alibuni, mwaka 1878, mtambo wa vibao: dereva haingii njiani ila awe na kibao, na mtambo hautoi cha pili mpaka cha kwanza kirudishwe.

Nasi tukafuata tadbiri hiyo. Tangu toleo la 4.2 la mfumo endeshi wa Unix wa Berkeley, mwaka 1983, lipo kufuli ambalo kiini cha mfumo huikabidhi programu yenyewe. Faili hubaki, lakini kufuli huondoka mara programu ifapo. Nakala ya pili ikilikosa huliita mbele dirisha la kwanza kisha hujifunga, maana kimya ndicho kilichomfanya karani abonyeze tena. Kilo zilizopotea tulizirejesha mstari kwa mstari, kutoka risiti za karatasi ambazo wakulima walikuwa wamezitunza.