Nani Asemaye "Mimi"? Nafsi, Umoja na Wingi katika Kumbukumbu za Utoto Uliodhulumiwa

Katika Kiswahili neno nafsi hufanya kazi mbili. Hutaja utu wa ndani wa mtu, na papo hapo ni istilahi ya sarufi: kila mwanafunzi hufunzwa nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu, katika umoja na katika wingi. Mkutano huu wa maana ni wa manufaa kwa mhakiki anayekabiliwa na kundi la vitabu lililochipuka Marekani tangu miaka ya hamsini, yaani masimulizi ya maisha ya watu ambao nafsi zao, kwa mujibu wa vitabu hivyo, zilipasuka utotoni zikawa nyingi. Vitabu hivi vimesomwa zaidi kama ushahidi, na swali linaloulizwa ni moja: je, haya yalitokea? Swali hilo ni halali, lakini lina ila yake. Humfanya msomaji aikimbilie hukumu kabla hajauliza ni nani hasa aliyesimama kizimbani akisema "mimi". Makala haya yanashikilia kwamba swali hili la pili ndilo linalopaswa kutangulia, na kwamba lisipojibiwa hata lile la kwanza hujibiwa vibaya.

Mhakiki Mfaransa Philippe Lejeune alieleza mwaka 1975 kwamba tawasifu husimama juu ya mkataba: jina lililo kwenye jalada, sauti inayosimulia na mhusika anayesimuliwa ni mtu mmoja. Shaaban Robert katika Maisha Yangu anautimiza mkataba huu bila ya wasiwasi wowote. Vitabu vinavyojadiliwa hapa haviutimizi, lakini kila kimoja kinauvunja kwa namna yake.

Kitabu kilichoufungua mkondo huu kwa wasomaji wa kawaida ni The Three Faces of Eve cha madaktari wa maradhi ya akili, Corbett Thigpen na Hervey Cleckley, kilichotoka mwaka 1957 na kufanywa filamu mwaka huohuo. Filamu ilimpatia Joanne Woodward tuzo ya Oscar. Mgonjwa mwenyewe hakuwa hata na jina. Mwaka 1958 kikafuata The Final Face of Eve, ambamo mgonjwa alijificha nyuma ya jina la kupanga, Evelyn Lancaster, akisaidiwa na mwandishi James Poling. Ni mwaka 1977 tu, katika I'm Eve, kitabu alichokiandika pamoja na binamu yake Elen Sain Pittillo, ndipo Chris Costner Sizemore alipotumia jina lake halisi. Alichokisema ni kwamba wakati ule hakuwa amepona, na kwamba idadi ya nafsi zake ilizidi ishirini. Idadi iliyo katika anwani ya kitabu cha kwanza ilikuwa hesabu ya madaktari. Itazamwe pia kwamba kisa cha Eve hakina mzazi katili. Kinachotajwa kuwa chanzo ni hofu ya mtoto mbele ya kifo na majeraha. Aliyeifanya dhuluma ya utotoni kuwa kitovu cha msuko ni Flora Rheta Schreiber.

Schreiber alikuwa mwandishi wa habari, na Sybil (1973) ni kazi ya mtu anayejua kumshika msomaji. Mwanamke anatoka katika maabara ya kemia ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kisha anajikuta Philadelphia na siku tano zimepita asijue zilikwenda wapi. Msomaji aliyezoea kumfuata Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla anaitambua mara moja njia anayopitishwa. Kuna fumbo, kuna dalili zinazodondoshwa moja moja, na kuna mpelelezi, ambaye hapa ni daktari Cornelia Wilbur. Nafsi 16 zinajitokeza kwa zamu, na mwisho wa njia yuko mhalifu, mama aitwaye Hattie, ambaye ukatili wake kwa bintiye unasimuliwa kwa undani wa kutisha. Kitabu kiliuzwa kwa mamilioni na mwaka 1976 kikawa filamu ya televisheni. Hata hivyo, katika kitabu kinachodai kuzipa nafsi 16 uhuru wa kusema, hakuna hata moja inayosimulia. Zote zimetiwa ndani ya alama za mtajo, na sentensi inayozibeba ni ya Schreiber, katika nafsi ya tatu umoja.

Mwaka 1998 ilifahamika hadharani kwamba Sybil alikuwa Shirley Ardell Mason, mchoraji, aliyefariki mwaka huohuo. Mwaka 2011 Debbie Nathan alichapisha Sybil Exposed, uchunguzi uliotegemea nyaraka za Schreiber zilizohifadhiwa New York. Miongoni mwa nyaraka hizo imo barua ambayo Mason alimwandikia daktari wake mwaka 1958, akikiri kwamba hana nafsi nyingi, kwamba alikuwa akizibuni, na kwamba mateso aliyoyahusisha na mama yake hayakutokea kama alivyoyaeleza. Wilbur aliichukulia barua hiyo kuwa hila ya mgonjwa ya kuikwepa tiba, na matibabu yakaendelea, yakiwemo yale ya sindano za pentotali na ya hipnosisi, yaani hali ya nusu usingizi ambamo mgonjwa huyaitikia maelekezo ya tabibu. Herbert Spiegel, daktari aliyemhudumia Mason wakati Wilbur hayupo, alisimulia mwaka 1997 kwamba mgonjwa alimuuliza kama anamtaka awe Helen, kwa kuwa ndivyo Wilbur angalivyotaka. Alidai pia kwamba Schreiber alimwambia kitabu kisingepata soko kisipoitwa cha nafsi nyingi.

Hapa ndipo uhakiki unapohitaji kwenda polepole. Barua ya 1958 ni mahali adimu katika historia nzima ya Sybil ambapo mgonjwa anasema "mimi" kwa mkono wake mwenyewe bila ya mpatanishi, na ni "mimi" hiyo iliyosomwa kama dalili ya ugonjwa. Kosa la Wilbur ni kosa la kiusomaji kabla ya kuwa kosa la kidaktari. Lakini wale wanaoishika barua hiyo na kutangaza kwamba ukweli wote sasa umepatikana wanalirudia kosa lilelile kutoka upande wa pili. Mwanamke aliyemtegemea daktari wake kwa tiba na kwa mengi mengine aliandika barua ya kukana, kisha akarejea katika tiba. Kuichagua "mimi" moja kati ya hizo mbili kwa sababu inaupendeza msimamo wa msomaji si kumsikiliza Mason.

Madhara ya usomaji wa haraka hayaishii maktabani. Mama halisi alifariki mwaka 1948, miaka kadhaa kabla ya tiba ya New York kuanza, naye hakuwa na fursa ya kujibu lolote. Kwa upande mwingine, kuanguka kwa Sybil kumekuwa fimbo ya kumnyamazishia kila mtu mzima anayesema kwamba alidhulumiwa utotoni. Kitabu kimefunga madai matatu katika kamba moja: kwamba mtoto aliumizwa, kwamba kumbukumbu iliyotolewa kwa sindano ni ya kuaminika, na kwamba maumivu yalizaa watu 16. Dai la tatu likikatika si lazima la kwanza lianguke nalo. Kezilahabi hakuhitaji Rosa kumi na sita ili msomaji wa Rosa Mistika aziamini fimbo za Zakaria. Ni kweli kwamba riwaya haidaiwi ushahidi kama inavyodaiwa kumbukumbu, lakini ulinganisho huo unaonyesha kwamba wingi wa nafsi hautoki katika maumivu peke yake. Unatoka pia katika namna ya kuyasimulia, na mbele ya nani.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ana cha kuchangia hapa. Katika kilinge cha pepo, mwenye kupandwa huitwa kiti, na mganga humuuliza aliyekikalia jina lake, atokako na alitakalo. Bila ya kuulizwa, jina halitajwi. Ulinganisho na chumba cha Wilbur usivutwe mno. Pepo hutoka nje, ana kabila na lugha yake, na humjia mtu mbele ya jamaa na wapiga ngoma, ilhali nafsi za Sybil zinadaiwa kuzaliwa ndani na kusikiwa na mtu mmoja nyuma ya mlango uliofungwa. Lakini kazi ya muulizaji ni bayana zaidi kilingeni kuliko katika Sybil, kwa sababu kilinge hakikificha kwamba yupo.

When Rabbit Howls (1987) ndicho kitabu kilicholikabili tatizo la nafsi ana kwa ana, na kwa maoni ya makala haya ndicho bora zaidi kifasihi, ingawa ni kigumu na mara nyingine kinachosha. Truddi Chase anasimulia dhuluma ya baba wa kambo iliyoanza akiwa na umri wa miaka miwili. Nafsi zinazotajwa ni 92. Hata hivyo idadi hiyo, ambayo vyombo vya habari viliipenda mno, si muhimu kama sarufi ya kitabu. Aliye katikati ya masimulizi huitwa tu mwanamke, naye yumo katika nafsi ya tatu, kana kwamba maisha yake ni nyumba ya jirani. Tabibu amepewa utangulizi. Na mwisho hauleti muungano: wale walio ndani wanakataa kufanywa mmoja, kinyume na Eve na Sybil, ambamo umoja ndio uzima.

Utabibu nao umelibadilisha neno. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, ulioutambua ugonjwa wa nafsi nyingi kwa jina hilo mwaka 1980, uliliacha mwaka 1994 na kuuita ugonjwa wa utambulisho uliotengana. Kilichokuwa wingi kikawa umoja uliovunjika. Wataalamu wangali wanabishana, na mhakiki hana mamlaka ya kuwaamulia.

Anachoweza kukisoma ni jalada. Jalada la When Rabbit Howls halimtaji Truddi Chase kama mwandishi. Linataja kundi, askari wake wa ndani, pamoja na kiunganishi kinachowahusisha naye. Atakayetaka kukitafsiri kitabu hiki kwa Kiswahili atakwama hapo kabla ya kufika ukurasa wa kwanza. Akiandika "kwa niaba ya Truddi Chase", yupo Truddi aliyewatuma waseme. Akiandika "kwa ajili ya Truddi Chase", hakuna aliyewatuma, na kitabu ni sadaka kwa mtoto asiyeweza tena kusema. Kiingereza kimezifunga maana zote mbili katika neno moja dogo, na kitabu kinaziunga mkono zote mbili hadi mwisho.