Wawili si mmoja? Kwenye kuta za moto, inategemea

Miongozo mingi ya kufunga kuta mbili za moto inaishia mahali pamoja: zima mashine ya kwanza, angalia ping, imekatika sekunde chache halafu imerudi. Hongera, mtandao wako haulali tena! Leo nataka kuikosoa miongozo hiyo. Haidanganyi, ila inasimama pale ambapo kazi ndiyo kwanza inaanza.

Nichukue mfano ninaoupenda: CARP, itifaki ya programu huria iliyotoka na OpenBSD 3.5 mwaka 2004. Kabla yake kulikuwa na VRRP, lakini Cisco ilidai kwamba hataza zake zinaigusa, basi watu wa OpenBSD wakaamua kuandika ya kwao. Wazo ni rahisi. Ukuta wa moto ni kama askari wa getini. Hapa askari ni wawili, ila anwani ya IP inayoonekana kwa wote ni moja. Aliye zamu anatangaza kila sekunde moja, "nipo." Mwenzake asiposikia kitu kwa sekunde tatu hivi, anashika geti.

Sasa, askari ana daftari la wageni. Anajua nani kaingia na nani anasubiri jibu. Askari mpya akija bila daftari, atawazuia hata walioruhusiwa. Ndiyo maana kuna pfsync, inayonakili daftari kutoka mashine moja kwenda nyingine. Hapa nawapigia makofi: ni kazi safi, na ni bure.

Lakini tuulize: ile sauti ya "nipo" inathibitisha nini hasa? Inathibitisha kwamba mashine inaweza kutangaza, basi. Mashine inaweza kuendelea kutangaza huku sheria zake zimekosewa na hakuna pakiti inayopita. Mwenzake atabaki amekaa kimya, maana anasikia "nipo." Na kinyume chake kipo pia: swichi ikiyazuia matangazo, kila mmoja anadhani mwenzake amekufa, wote wanashika geti kwa anwani ileile, na mtandao unayumba kuliko ungekuwa na ukuta mmoja. Halafu pfsync yenyewe haihakiki anayeiletea taarifa, kwa hiyo inataka waya wake peke yake au njia iliyofichwa kwa usimbaji. Ukiipitisha kwenye mtandao wa wote, umeacha daftari la askari barabarani.

Kosa kubwa zaidi ni la hesabu. Tuseme mashine moja iko hewani asilimia 99 ya muda. Asilimia moja iliyobaki ni saa 87 na zaidi kwa mwaka. Ukiweka mbili, unazidisha 0.01 kwa 0.01, unapata kama dakika 53 tu kwa mwaka. Tamu, sivyo? Ila hesabu hiyo inakubali sharti moja ambalo halisemwi: kufa kwa moja kusihusiane na kufa kwa nyingine.

Kumbuka roketi ya Ariane 5, Juni 4, 1996. Ilikuwa na vifaa viwili vya kupima mwelekeo, kimoja cha akiba. Vyote viliendesha programu ileile, yenye kosa lilelile la kugeuza namba kubwa ikaingizwa kwenye nafasi ndogo. Cha akiba kilizima kwanza, cha zamu kikafuata papo hapo. Roketi ikaharibika chini ya dakika moja tangu iruke. Akiba iliyofanana kabisa na ya kwanza haikuokoa chochote.

Kwetu ilikuwa kitu kidogo zaidi. Maabara moja niliyofanya kazi ilikuwa na jozi nzuri ya kuta za moto, iliyopita jaribio la kuzima mashine moja bila shida. Wiki ya kuwasilisha tasnifu zilizima zote mbili kwa mpigo. Kumbe zilichomekwa kwenye ekstensheni moja, na ekstensheni iliungua. Mwenzetu alikaa nje ya mfumo hadi jioni, saa ya mwisho ikimkaribia, huku sisi tukitafuta kosa kwenye mipangilio ya CARP. Kosa lilikuwa chini ya meza.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: CARP na pfsync zinafanya zilichoahidi. Wanaozidisha chumvi ni waandishi wa miongozo. Kama unaandika mwongozo, ongeza kurasa mbili. Mwambie msomaji achore kila kitu ambacho mashine zote mbili zinakitegemea: umeme, swichi, laini ya mtoa huduma, toleo la programu. Mwambie asisasishe zote siku moja. Na jaribio lisiwe kuzima mashine tu: achomoe waya wa upande mmoja, azuie matangazo, aharibu sheria moja makusudi aone nani atagundua.

Na kabla ya yote hayo, ainame aangalie chini ya meza.